Kadi za Mvua: shajara ya mradi wa kusoma, Darasa la Pili

Januari, juma la pili

Nimefungua daftari hili kwa sababu Sista Mkuu ametaka maandishi. Alinipa Sh 60,000 kutoka fungu la shule, akasema, "Mwalimu, mwisho wa mwaka usiniletee maneno. Niletee hesabu ya hela na watoto wanaosoma." Basi ndilo hili.

Shule yetu ni ya parokia, kijiji cha wakulima wa mpunga na pamba, kusini mwa Ziwa Victoria. Madarasa saba, walimu tisa, masista watatu, na mbwa wa mlinzi anayehudhuria kuliko baadhi ya wanafunzi. Kengele ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini. Ng'ambo ya barabara iko shule ya serikali, majengo ya mawe yenye kuta nene, na wazee bado wanaiita "ya misheni". Ilikuwa ya misheni kweli, mpaka Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozifanya shule za aina hiyo kuwa za umma. Parokia ilipopata nafasi ya kuanza tena, ilianza upande huu wa barabara, kwa tofali za kuchoma na mabati. Dari hatuna. Hilo la dari litarudi.

Darasa la Pili wako 37. Nimewapima mmoja mmoja chini ya mwarobaini kwa ngazi zinazofanana na zile za Uwezo (upimaji wa watoto kusoma na kuhesabu), nikaongeza herufi mwanzoni. Imenichukua siku nne. Wanaoishia kwenye herufi 9, silabi 14, maneno 8, aya 4, hadithi 2.

Hesabu hiyo haikunishtua. Kilichoninyima usingizi ni wale sita wa juu. Aya niliyowapa ilihusu mbuzi aliyeingia nyumbani kwa watu akala sabuni. Walipomaliza nikauliza, "Mbuzi alikula nini?" Mmoja tu alijibu kwamba ni sabuni. Mwingine alisema majani, maana ndiyo chakula cha mbuzi na hakuona sababu ya kutazama karatasi. Wanne walinisomea aya nzima upya, kwa sauti ile ya kusomea masomo kanisani, kisha wakanyamaza wakinitazama, kama mtu aliyekwisha kulipa na anangoja chenji.

Kiswahili kina huruma kwa mtoto anayejifunza kusoma, na humo humo mna mtego. Ukishazijua silabi, hakuna neno litakalokushinda kulitamka, hata lile ambalo hujawahi kulisikia. Watoto hawa nyumbani wanazungumza Kisukuma. Wanaweza kuutamka ukurasa mzima usiwaambie kitu.

Lengo langu basi: kufikia Novemba, nusu ya darasa wasome aya NA wajibu maswali. Sista anataka wote. Nimeandika nusu.

Januari, juma la nne

Leo nimefanya jaribio nililoliwaza tangu likizo.

Watoto wetu wanazijua sala kabla meno ya utoto hayajaanza kung'oka. Asubuhi mstarini ni Baba Yetu na Salamu Maria. Saa sita adhuhuri rimu inagongwa kwa Malaika wa Bwana na kila mtu anasimama palepale alipo, mwalimu na chaki mkononi, mpishi na mwiko. Kwa hiyo mwaka jana nilikuwa naandika sala ubaoni nikiamini ni andiko jepesi la kuanzia. Walikuwa wanazisoma vizuri mno, nami nikajisifu.

Leo nimeandika hivi: *Salamu Mama, umebeba maji.*

Nikashika fimbo ya kuonyeshea, nikagusa neno la kwanza, la pili. Darasa zima kwa sauti moja: "Salamu Maria, umejaa neema!" Nikarudi, nikagusa "maji" peke yake. "Neema!" Nikagusa mara ya tatu, polepole, fimbo ikikaa chini ya kila silabi. "Nee-ma!"

Msichana mmoja wa dawati la nyuma, niliyekuwa nimemwandika kwenye kundi la silabi, hakuitikia. Alikuwa amekunja uso. Akanyoosha kidole. "Mwalimu, hapo mbona pana maji?"

Nilimpa chaki nzima. Kwetu chaki nzima si zawadi ndogo.

Jioni Sista alinisimamisha barazani. Alikuwa amepita dirishani, na hakupenda kuona sala inachezewa. Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akacheka, akasema basi niziache sala zibaki sala, nitafute kitu kingine cha kuwategea. Nimekubali. Naye ana haki yake: sala mtu anaiweka moyoni makusudi, na macho hayahitajiki. Kosa lilikuwa langu, kuichukua kuwa ni kipimo cha kusoma.

Februari

Matumizi: manila 40 kwa Sh 700, jumla 28,000. Maka peni 12 kwa Sh 1,000, jumla 12,000. Zilizobaki 20,000 zimekwenda kwenye bawaba, komeo, misumari na kufuli ya kabati. Mbao ametoa Paroko kutoka mabaki ya paa la kigango. Fundi seremala ni mzazi, ufundi wake utakatwa kwenye ada. Gundi tunapika wenyewe kwa unga wa muhogo. Vizibo vya soda watoto wameleta zaidi ya 300 (sikuuliza wamevitoa wapi, ila mwenye baa ya njia panda amenisalimia kwa mkazo usio wa kawaida). Kila kizibo kina silabi moja, wanavipanga chini kwenye sakafu.

Sasa habari ya r na l. Kisukuma hakina r. Mtoto anaandika *balabala*, *lafiki*, *halaka*, kama masikio yake yanavyomwambia. Ukimfundisha r kwa ukali, anaichukua na kuipeleka kila mahali: wiki iliyopita nimesoma *kurara* na *mkono wa kushoto unashika karamu*. Nimeamua jambo moja, na mwalimu wa taaluma tumebishana nalo: kwenye kusoma simkatizi mtoto kwa ajili ya l na r maadamu ameelewa. Kwenye kuandika tunasahihisha baadaye, taratibu, kwa vizibo.

Na sasa furaha. Ng' yenye ritifaa nilikuwa nimeiweka mwishoni mwa ratiba na kuitengea siku tatu, kwa sababu mimi mwenyewe, Mngoni wa Songea, niliihangaikia shuleni. Hapa ilichukua dakika kumi. Kisukuma kimejaa ng', majina yao yenyewe yana ng', wana hata ng'w, kama *ng'wana*, yaani mtoto wa fulani. Nilipoandika ng' ubaoni walicheka kwamba mwalimu ameandika jina la mwenzao. Kumbe walikuwa nayo muda wote, mimi tu ndiye niliyekuwa sijui kama wanayo.

Nilipokuwa mtoto, kwenye shule nyingine kabisa, nimevaa shingoni kipande cha ubao kwa kosa la kuzungumza Kingoni. Unakivaa mpaka umsikie mwenzako akikosea, umvishe yeye. Kilinifundisha kupeleleza, sikumbuki kingine. Hapa darasani kwangu Kisukuma kinaruhusiwa, ilimradi baada ya kusema kwa Kisukuma tuseme tena kwa Kiswahili.

Machi, juma la kwanza na la pili

Masika yameanza. Mtu asiyefundisha chini ya mabati yasiyo na dari hajui maana yake. Si kelele ya kusema "pazeni sauti". Mvua ikishuka kwa nguvu, mwalimu anafungua mdomo na yeye mwenyewe hajisikii. Miaka yote mvua ikija tulikuwa tunawaachia wachore, au wanalala juu ya madawati.

Jumatatu, mvua iliponishika katikati ya kipindi, nilikuwa na manila zilizokatwa mezani. Nikaandika *Simama* nikainua juu. Mmoja wa mbele akasimama, wa pili akamwona, mara wote 37 wamesimama. Nikaandika *Gusa pua yako*. Yaleyale, wimbi lilitoka mbele likaenda nyuma. Wanasomana wao kwa wao, karatasi hawaitazami.

Jumanne mvua ilikuja tena na nilikuwa tayari. Kila mtoto kadi yake, na hakuna mbili zinazofanana. *Vua kiatu kimoja. Mpe jirani kalamu yako. Hesabu madirisha, uandike jibu. Nenda kagonge mlango mara mbili. Weka daftari chini ya dawati.*

Sijawahi kuliona darasa langu namna ile. Hakuna sauti ya kuiga, hakuna mwalimu wa kumtazama mdomo, hakuna jirani mwenye kadi kama yako. Kila mmoja na maandishi yake chini ya ngurumo. Mvulana mmoja, miongoni mwa wale sita wa hadithi na aya, fahari ya darasa, msomaji wa Misa ya watoto, alikuwa na *Vua kiatu kimoja*. Midomo yake ilikuwa inasoma, niliiona. Akasoma, akageuza kadi nyuma, akaigeuza tena, akanitazama. Dawati la pili yake, mtoto wa kundi la silabi aliifuata kadi yake kwa kidole, polepole sana, kisha akainuka akaenda kugonga mlango mara mbili, akarudi akakaa kama mzee aliyemaliza kesi.

Na pacha wetu. Majina yao sina haja ya kuyaandika, kila Msukuma anajua pacha wanaitwaje. Mkubwa alikuwa anasoma na mdogo anamfuata nusu silabi nyuma, kwa ustadi kiasi kwamba Januari nimewapa wote wawili kundi moja la maneno. Mvua imewatenganisha. Mdogo hajui hata silabi za kwanza. Nimemhamishia kwenye herufi na sikumwambia mtu.

Machi, mwisho

Kadi zimefika 64. Zimegawanyika kwa rangi: nyekundu neno moja, bluu sentensi, nyeusi sentensi mbili zinazotegemeana (*Kuna kitu chini ya meza ya mwalimu. Kichukue umpelekee Sista.* Kitu chenyewe kilikuwa embe. Halikufika kwa Sista.)

Leo jua kali na mtoto ameniuliza, "Mwalimu, tunaweza kufanya mvua?" Ndivyo wanavyoita sasa. Kufanya mvua ni kusoma kimya na kutenda. Walimu wengine wameanza kunicheka ofisini, lakini wa Darasa la Tatu ameazima kadi nyeusi.

Aprili

Mwezi mbovu. Kwaresima kila Ijumaa Njia ya Msalaba ilikula kipindi changu cha mwisho. Silalamiki, ila naandika kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Kisha likizo ya Pasaka.

Kabla ya kufunga, kabati lilikuwa bado halijakauka rangi, nikaviacha vitabu vidogo tulivyotengeneza kwenye boksi la kartoni, sakafuni, pembeni mwa darasa. Vilikuwa 52. Niliporudi, boksi lilikuwa limesimama vilevile, zuri. Nilipoliinua likabaki mkononi upande mmoja. Mchwa walikuwa wameingilia chini, wakala kwa utaratibu kutoka ndani kwenda nje. Vimesalia 19, na kati ya hivyo vinne havina mwisho.

Mlinzi aliniangalia, akasema kwa upole, "Mwalimu, karatasi sakafuni? Hapa?" Sikuwa na jibu. Kadi zilipona kwa kuwa nilizitundika kwa kamba.

Kabati sasa linasimama kwa miguu minne ndani ya makopo manne ya oili chafu.

Mei

Mahudhurio yameshuka. Mpunga unakomaa na watoto wako majarubani wanaamia ndege tangu alfajiri. Siku ya Jumatano nilikuwa na 21. Nimeacha kufundisha kitu kipya, tunafanya mvua tu (na mvua yenyewe bado ipo).

Kikao cha wazazi Jumamosi. Baba mmoja alisimama na kadi mkononi, mwanawe alikuwa ameiondoa mfukoni nyumbani. "Hapa getini mmeandika mchepuo wa Kiingereza. Ndiyo ada ninayolipa. Mtoto ananiletea *Vua kiatu*." Watu walicheka, naye alicheka, lakini alimaanisha.

Sista hakubishana. Alimwita mtoto, akampa kitabu cha Kiingereza cha darasa lao. Mtoto akasoma ukurasa mzima bila kukwama, baba akavimba kwa fahari. Ndipo Sista akamwomba katekista amuulize yule mtoto kwa Kisukuma: ukurasa huo unasema nini? Mtoto akatazama viatu vyake.

Ningependa kuandika kwamba baba alikubali. Alisema tu kwamba ada ya muhula wa pili ataleta gunia la mpunga kama kawaida, na kwamba Kiingereza kisipunguzwe hata dakika. Hakitapunguzwa. Mimi ninachukua vipindi vya Kiswahili na nusu saa baada ya uji wa saa nne.

Julai

Pamba. Wale waliokuwa wanaamia ndege sasa wanachuma. Tumempoteza mmoja, familia imehamia Geita. Wamebaki 36.

Nimewapima tena: herufi 5, silabi 10, maneno 11, aya 7, hadithi 3. Ukilinganisha na Januari ni hatua, lakini kipimo changu kidogo cha Aprili kabla ya likizo kilikuwa kizuri kuliko hiki. Tumerudi nyuma. Waliojibu maswali yote mawili ni wanne kati ya kumi.

Nimejiuliza kwa nini kadi wanazielewa na aya hawazielewi. Nadhani nimepata sehemu ya jibu. Kadi inamhusu mtoto mwenyewe: pua yake, kiatu chake, dirisha la darasa lake. Aya zangu zinahusu watu wanaokwenda bustani ya wanyama, watoto wanaovuka kwenye taa za barabarani. Taa za barabarani! Ziko wapi huku? Mbuzi wa sabuni pekee ndiye angeweza kuwa wa hapa.

Agosti, juma la pili

Jibu limetoka jikoni.

Mpishi wetu, ambaye shule nzima inamwita Bibi, husimama dirishani akisubiri sufuria zikauke. Hajasoma. Anasema alipelekwa ile shule ya mawe ng'ambo siku tatu, ya nne akapewa mbuzi achunge. Leo ameniambia, "Mwalimu, karatasi zako hizo hazina hata fisi."

Nikamwambia, "Basi tuletee wewe, Bibi."

Akafuta mikono, akaingia, akakaa kwenye kiti changu. Akawasimulia kwa Kisukuma habari za Shing'weng'we, lile dubwana lililomeza watu wote wa nchi, na mifugo yao, na mbwa. Mwanamke mmoja mjamzito akapona kwa kujificha kwenye rundo la pumba. Akazaa mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, mtoto mwerevu kupita kiasi, ambaye kila siku anamuuliza mama yake: watu wako wapi? Anakua, anakwenda kulitafuta dubwana. Kila akirudi na kiumbe anauliza, ndiye huyu? Mama anasema siye, huyo ni panzi. Mwishowe anampata mwenyewe, anamuua, anampasua tumbo, na watu wote wanatoka wakiwa hai. Ila katika kupasua, kisu kinamkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa humo ndani.

Sikuelewa zaidi ya neno moja katika matano. Watoto walielewa yote. Walijua wapi pa kucheka kabla hajafika. Hakuna aliyelala, na uji uliungua kidogo.

Agosti, juma la tatu na la nne

Tumeiandika. Watoto wanasema sentensi kwa Kisukuma, wanagombana namna ya kuigeuza, wakikubaliana mimi naandika kwenye manila. *Rundo* au *lundo*? (Unaona r na l zilivyo na hila: hapo hata kamusi inawapa wote haki.) *Pumba* au *makapi*? Dubwana "lilimeza" au "aliwameza"? Hilo lilichukua asubuhi nzima, maana mmoja alishikilia kwamba dubwana lina akili, basi haliwezi kusemwa kama kiti. Sarufi hiyo sikuwa nimeipanga kwenye andalio la somo.

Manila sita. Zimetundikwa ukutani kwa mpangilio, chini kabisa, kwenye kimo cha macho yao.

Katekista alikuja kufundisha wa Komunyo ya Kwanza, akazisoma zote akiwa amechuchumaa. Akasema mapadre wa Usukuma wameitumia hadithi hii miaka mingi wakimweleza Kristo, aliyewatoa watu tumboni mwa mauti. Akaomba kuiazima kwa kipindi cha dini. Nikamwambia manila ya tano aichukue kwa uangalifu, ndiyo ya sikio.

Kipimo kidogo: niliandika maswali manne kwenye kadi nyeusi, tukafanya mvua. *Mama alijificha wapi? Nani alikatwa sikio?* Mikono ilikuwa inaandika kabla sijamaliza kugawa. Yule fahari ya darasa, wa kiatu kimoja, aliandika jibu la mistari mitatu na kuongeza swali lake: mbona mbwa hawatajwi walipotoka? Nimemwuliza Bibi. Amesema hilo ni swali zuri.

Septemba

Safari ya Bujora, karibu na Kisesa, kwenye jumba la makumbusho la Wasukuma lililoanzishwa na Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada. Kosta mbili za kukodi, Darasa la Pili hadi la Nne. Waliliona jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, na ngoma za watemi ndani yake, wakanyamaza kama wako kanisani, kisha wakaanza kuuliza nani anaruhusiwa kuzipiga.

Lakini kwangu safari ilikuwa dirishani. Tangu tulipoingia barabara kuu ya Mwanza na Musoma, Kosta nzima ilikuwa inasoma. Punguza mwendo. Saluni. Vifaa vya ujenzi. Mawakala wa hela. Maandishi ya nyuma ya malori, ambayo mengine nilitamani wasingeyaweza. Pacha mdogo alikuwa kwenye kiti cha dirisha, ndugu yake upande wa njia, haoni vizuri. Kwa mara ya kwanza mdogo ndiye aliyekuwa anasema kwanza. "Du-ka. Duka. Du-ka la da-wa." Mkubwa akarudia nyuma yake.

Oktoba

Darasa la Nne wana upimaji wa kitaifa, vipindi vyote vya mchana vimekwenda kwao, na madawati yetu 15 pia. Watoto wangu wanakaa sakafuni. Jioni ni Rozari. Nimepata dakika 40 kwa wiki. Tumesoma ukuta tu.

Vuli imeanza mapema. Hilo limesaidia.

Novemba, juma la tatu

Kipimo cha mwisho, siku nne tena chini ya mwarobaini, wa mwisho ilibidi tuhamie barazani kwa mvua. Kati ya 36: herufi 1, silabi 4, maneno 8, aya 12, hadithi 11. Kati ya wale 23 wa aya na hadithi, waliojibu maswali yote mawili ni 17. Nilitaka nusu ya darasa, yaani 18. Nimekosa kwa mtoto mmoja na nimemwambia Sista hivyohivyo. Alitazama karatasi muda mrefu, akauliza habari za yule wa herufi. Ni mvulana ambaye kuanzia Aprili amehudhuria siku chache kuliko mbwa wa mlinzi, ng'ombe wa baba yake ni wengi na wachungaji hawana. Sista amesema atakwenda mwenyewe, na pikipiki ya Paroko.

Pacha mdogo amefika maneno.

Hela imeisha tangu Februari. Maka peni mbili bado zinaandika.

Novemba, juma la nne

Nilidhani nimeshafunga daftari. Leo baada ya uji, yule msichana wa "hapo pana maji" alikuwa anamsomea Bibi hadithi dirishani, manila moja baada ya nyingine, akionyesha kwa kijiti. Alipofika ya tano akasoma: *Bibi kizee alilia kwa sababu ya sikio lake.*

"Siyo," Bibi akasema kutoka nje.

Msichana akarudia, akidhani amekosea kusoma. Akasoma sawasawa, neno kwa neno.

"Nimesikia. Lakini siyo. Bibi hakulia. Mimi sikusema alilia. Nilisema alimtukana."

Nikatoka kumuuliza ana hakika. Akaniambia, "Mwalimu, ungekatwa wewe sikio na mtoto mdogo, ungelia?"

Watoto wakamuunga mkono, wakasema kweli, kwa Kisukuma alisema hivyo, ni mwalimu ndiye aliyeandika alilia. Hakuna aliyewahi kuniambia tangu Agosti. Tumekata kipande cha manila, msichana ameandika *alimtukana* kwa maka peni ya bluu, l na m zote mahali pake, tumekibandika juu ya neno la zamani kwa gundi ya muhogo. Bibi aliomba asomewe tena kuanzia mwanzo wa karatasi. Alisomewa. Akarudi jikoni.

Gundi bado mbichi. Nimeacha dirisha wazi ikauke, mvua ikija mlinzi atalifunga.